Amplifaya ya Vali na Umeme wa Uganda: Namna ya Kuweka Volteji Sawa Kabla Hujaunguza Transfoma

Maswali yanayonifikia ni yale yale. "Amplifaya ya babu imeandikwa 220, nichomeke tu?" "Mbona vali mpya zimekufa ndani ya miezi mitatu?" "Transfoma inanichoma kidole baada ya nyimbo nne, ni kawaida?" Wanaouliza ni vijana waliorithi mashine, mafundi wa redio za kisasa walioletewa kazi wasiyoizoea, na makanisa yenye amplifaya ya zamani stoo ambayo bado inalia vizuri kuliko ya plastiki iliyonunuliwa juzi. Nimeona niandike jibu moja, hatua kwa hatua. Vali ni zile chupa za kioo zinazowaka ndani ya amplifaya ya zamani.

Ukishika jambo moja utakuwa umeshika karibu kila kitu: anza ukutani, kisha hita (waya mdogo ndani ya vali unaoipasha moto), halafu ndipo uguse volteji kubwa. Wengi wanafanya kinyume. Wanasoma volti 350 kwenye anodi (bamba la ndani ya vali linalopokea volteji kubwa), wanashtuka, wanaongeza rezista, na kosa lenyewe liko kwenye plagi.

Kabla hujaanza

Mwongozo huu ni wa amplifaya zenye transfoma ya umeme ndani. Zipo redio na gramafoni za zamani zisizokuwa nayo. Vali zake zinaanza na herufi U, kama UL41 na UY41, na chasi yake imeungana moja kwa moja na umeme wa ukutani. Ukigusa chasi umegusa laini. Usiitumie kujifunzia.

Andaa vitu hivi:

- Multimita nzuri inayopima hadi volti 600 au 1000, AC na DC, na waya zake zisiwe na mpasuko hata mdogo.
- Vibanio vidogo vya kushika pini, ili upime bila kushikilia kwa mkono.
- Balbu za zamani za waya, wati 60 na wati 100, pamoja na kishikio chake. Za LED hazifai kwa kazi hii.
- Rezista ya kilo-omu 10, wati 10, iliyolehemiwa waya zenye insulesheni nzuri, ya kumwaga chaji ya kapasita.
- Fyuzi za kiasi kilichoandikwa kwenye mashine, si "zinazokaribia".
- Daftari na kalamu. Usitegemee kumbukumbu.
- Spika au rezista ya mzigo kwenye matokeo. Amplifaya ya vali isiwashwe bila mzigo, maana transfoma ya sauti inaweza kufa.

Sasa usalama, na hapa sitanii. Ndani ya mashine hizi kuna DC ya volti 300 hadi 450, na kapasita zinaihifadhi hata baada ya kuchomoa plagi. Inaua. Vua pete na saa, vaa viatu vikavu, usifanye kazi kwenye saruji yenye maji, na mkono wa kushoto uuweke mfukoni kila unapopima mashine ikiwa imewashwa. Kila unapotaka kuingiza mikono: chomoa, gusisha rezista ya kumwagia chaji kati ya kapasita kuu na chasi kwa sekunde kumi, kisha pima. Usishike kitu mpaka mita isome chini ya volti 10. Wapo wanaomwaga chaji kwa bisibisi. Ile cheche inaharibu kapasita, na siku moja itaharibu jicho.

Hatua ya 1: Pima ukutani kwa siku tatu

Umeme wetu kwa karatasi ni volti 240, mizunguko 50. Kwa hali halisi unapanda na kushuka. Pima asubuhi, mchana, saa mbili usiku watu wanapopika na kupiga pasi, na usiku wa manane. Andika. Kwangu, pembezoni mwa Kampala, nimeshasoma 206 saa mbili usiku na 251 saa nane usiku huo huo, soketi ile ile. Namba hizi mbili ndizo zitakazoamua kila kitu huko mbele, kwa hiyo usiruke hatua hii kwa sababu inaonekana ya kitoto. Anayekaa karibu na transfoma ya mtaa atapata namba tofauti kabisa na za aliye mwisho wa laini.

Hatua ya 2: Soma mashine

Tafuta lebo na kiteuzi cha volti. Za Uingereza mara nyingi zina ncha kadhaa, kama 200, 220, 240. Sababu yake ni kwamba zamani miji ya Uingereza haikuwa na volteji moja, na mtengenezaji alilazimika kumhudumia kila mteja. Kwetu ni bahati, kwa sababu tumepewa namna ya kurekebisha bila kununua kitu.

Usiamini kiteuzi kwa kukitazama tu. Fungua chini, fuata waya hadi kwenye transfoma. Nimeletewa amplifaya kutoka Jinja, kiteuzi kinaonyesha 240, lakini fundi aliyepita alikuwa amekiruka na kulehemu waya moja kwa moja kwenye ncha ya 220. Mzee mwenye mashine akaniambia, "Mwanangu, miaka yote inatoa joto, nilidhani ndiyo tabia yake." Nta ya transfoma ilikuwa imetiririka hadi kwenye chasi na kuganda kama ya mshumaa.

Ikiwa lebo inasema 110, 115 au 117, hiyo ni ya Marekani. Usiichomeke ukutani hata kwa sekunde. Nitaizungumzia mbele.

Hatua ya 3: Fyuzi, waya wa ardhi, kapasita

Plagi zetu za pini tatu mara nyingi zinauzwa na fyuzi ya ampea 13. Kwa amplifaya ya kawaida weka ya ampea 3. Fyuzi ya ndani ya mashine iwe ile ile aliyoandika mtengenezaji. Ukikuta karatasi ya sigara au uzi wa waya mahali pa fyuzi, toa, na ujue kuna ugonjwa ambao mtu aliuficha.

Chasi lazima iunganishwe na waya wa ardhi. Pima kati ya pini ndefu ya plagi na chuma cha chasi: isome chini ya omu 1. Hakikisha pia kwamba soketi yako yenyewe ina waya wa ardhi unaofanya kazi, kwa sababu nyumba nyingi zina tundu la tatu lisilokwenda popote.

Kapasita kubwa za miaka ya 1950 na 1960 zikiwa zimevimba, zimevuja au zimeacha unga mweupe kwenye miguu, badilisha. Mpya iwe na volti sawa au zaidi. Lakini kiasi cha mikrofaradi kwenye kapasita ya kwanza baada ya rektifaya ya vali (ile vali inayogeuza AC kuwa DC) usikiongeze hovyo: rektifaya aina ya GZ34 inaruhusiwa hadi mikrofaradi 60, na 5Y3 inataka ndogo zaidi ya hapo. Ukiweka 220 "ili mlio uishe", rektifaya itapiga cheche ndani.

Hatua ya 4: Washa kupitia balbu

Tengeneza waya wa nyongeza ambamo balbu imekatiza waya wa laini, ili umeme wote wa amplifaya upite ndani ya balbu kwanza. Anza na ya wati 60. Washa. Balbu ikiwaka sana kwa muda mfupi kisha ikafifia, hakuna shoti. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, zima, toa vali zote, jaribu tena. Ikiwa bado inawaka bila vali, tazama transfoma na waya zake. Ikififia, rudisha vali, rektifaya ikiwa ya mwisho, na ile vali inayorudisha mwanga ndiyo inayokuonyesha mkosaji.

Onyo: volti utakazopima wakati balbu iko njiani si za kweli, kwa sababu balbu inakula sehemu yake. Hapa unatafuta shoti tu.

Hatua ya 5: Weka kiteuzi mahali pake

Chagua ncha iliyo sawa na volti za juu ulizoandika kwenye daftari, au iliyo karibu nazo zaidi. Umeme wako ukicheza kati ya 235 na 250, chukua 240, na kama ipo 250 chukua hiyo. Mashine iliyowekwa juu kidogo itapunguza nguvu kwa asilimia chache ambazo sikio halizioni. Iliyowekwa chini inapikwa kila siku. Badilisha kiteuzi plagi ikiwa nje, siku zote.

Hatua ya 6: Uliza hita, itasema ukweli

Transfoma inagawa volti zake zote kwa uwiano. Ukutani kukizidi kwa asilimia kumi, hita imezidi kwa kumi na anodi imezidi kwa kumi hivi. Hita ndiyo rahisi na salama zaidi kupima, kwa hiyo iwe mzani wako.

Zima na umwage chaji, funga vibanio, washa, subiri dakika tano, soma AC:

- EL84: pini ya 4 na ya 5
- EL34, KT66, 6V6, 6L6: pini ya 2 na ya 7
- ECC83 iliyofungwa kwa volti 6.3: pini ya 9 na pini ya 4 na 5 zilizoungana

Unatafuta 6.3. Kati ya 6.0 na 6.6 mimi huridhika. Mpaka wa mwisho ni asilimia kumi kila upande, yaani 5.7 hadi 6.9. Vali zote ziwe zimechomekwa. Bila vali utasoma 7 na kuogopa bure, kwa sababu transfoma haina mzigo.

Tazama hesabu ya ile mashine ya Jinja: ncha ya 220, ukutani 248. 6.3 mara 248 gawa kwa 220 ni 7.1. Nilipozima taa ya chumba niliona kwenye EL84 moja mstari mwembamba mwekundu ukipanda ubavuni mwa anodi, kama waya wa jiko la umeme unaoanza kupata moto. Nikazima papo hapo. Anodi haitakiwi kuwaka. Mwanga wa vali ni wa hita, ndani kabisa, rangi ya chungwa.

Onyo kubwa: hita ya GZ34 ni volti 5 kati ya pini ya 2 na ya 8, lakini pini ya 8 ndiyo pia inayotoa DC yote kubwa. Volti 5 hizo zimepanda mgongoni mwa volti 350. Vibanio tu, usishike kwa mkono.

Hatua ya 7: Punguza mlangoni

Ikiwa kiteuzi kiko kwenye ncha ya juu kabisa na hita bado inasoma 6.8, dawa bora ni kupunguza umeme kabla haujaingia kwenye mashine, kwa sababu inaponya kila kitu kwa pamoja. Chukua transfoma ya kawaida ya 240 kwa 12, ampea 2. Inatosha amplifaya ya wati 100 au 120 za umeme, inayovuta nusu ampea tu.

a) Laini ya ukutani ipite kwenye fyuzi, kisha ifike ncha moja ya upande wa 240 na ncha moja ya upande wa 12, zote pamoja.
b) Ncha ya pili ya upande wa 240 iende kwenye nyutro.
c) Ncha ya pili ya upande wa 12 ndiyo laini mpya ya kwenda kwenye amplifaya. Nyutro na ardhi zipite moja kwa moja.
d) Jaribu kwanza kwa balbu ya wati 60 mahali pa amplifaya, na upime. Ukisoma 228, umepata. Ukisoma 252, zima na ugeuze ncha mbili za upande wa 12.

Huu upande wa 12 sasa si wa volti 12 tena. Umepanda kwenye laini na utakupiga kama soketi. Weka kila kitu ndani ya sanduku la chuma lililounganishwa na ardhi, funga kifuniko, na uandike juu yake ni la nini. Usiliache wazi juu ya meza "kwa leo tu". Watoto hawajui leo wala kesho.

Hatua ya 8: Sasa pima volteji kubwa

Michoro ya zamani inaiita HT. Pima DC kutoka chasi hadi kapasita ya kwanza, kisha hadi anodi (pini ya 7 kwa EL84). Linganisha na mchoro wa mashine. Tofauti ya asilimia tano si kitu.

Lakini namba inayoua vali ni wati kuliko volti. Kwa EL84 iliyo na rezista ya kathodi (sehemu ya vali inayotoa elektroni) ya omu 270 peke yake, pima DC juu ya rezista hiyo. Tuseme ni 10.8. Gawa kwa 270, unapata miliampea 40. Toa sehemu ya kumi inayokwenda kwenye skrini (gridi ya pili ya vali), zinabaki 36. Anodi ikiwa 310, toa 10.8, ni karibu 299. Mara 0.036 unapata wati 10.8. Kikomo cha EL84 ni wati 12, kwa hiyo iko salama. Ile ya Jinja, kabla ya matibabu, ilifika wati 13.7. Vali mbili zikitumia rezista moja, gawa mkondo kwa mbili. EL34 na KT66 kikomo chao ni wati 25.

Hatua ya 9: Kilichobaki, rekebisha ndani

Hita iko sawa lakini HT imezidi? Tazama kwanza kama mtu aliondoa rektifaya ya vali akaweka diodi. Diodi hazili karibu chochote, na 5Y3 inaweza kula volti 60 kwa mzigo wake wa kawaida. Isitoshe, diodi zinapeleka HT yote kabla vali nyingine hazijapata joto. Transfoma ya 300-0-300 itasukuma hadi 424 bila mzigo, na kapasita ya volti 350 itapasuka. Rudisha vali, au weka rezista ya waya kwenye njia ya HT: volti unazotaka kupunguza, gawa kwa mkondo. Kushusha volti 20 kwa miliampea 100 ni omu 200. Inakula wati 2, hivyo weka ya wati 10 na uiweke mbali na kapasita.

Hita pekee ikizidi, rezista ndogo kila mguu. EL84 nne zinavuta ampea 3.04 na ECC83 tatu 0.9, jumla karibu 3.94. Omu 0.1 ya wati 5 kila upande itashusha volti 0.8 hivi. 7.0 inakuwa 6.2.

Umeme unapocheza

Saa mbili usiku volti zikishuka hadi 195, hita ya mashine ya 240 inapata 5.1. Sauti inakuwa nzito na dhaifu, na vali zinazovutwa mkondo zikiwa baridi zinachakaa mapema. Nunua stebilaiza, na kabla ya kuichomeka pima inatoa ngapi. Zipo zinazotoa 220, si 240. Ukiwa na hiyo, kiteuzi kirudi 220. Zile za relei zinaruka kwa ngazi na utasikia "tak". Za mota zinateleza taratibu, na kwa mashine hizi nazipenda zaidi.

Wenye sola: inveta ya bei nafuu haitoi wimbi laini, inatoa wimbi la ngazi. Hita inaweza kuonekana sawa huku HT ikiwa imepotoka, kwa sababu kapasita inafuata kilele cha wimbi, na mita ya bei rahisi nayo inasoma uongo. Utasikia mngurumo mkali kama nyuki ndani ya mzinga. Tafuta inveta ya wimbi kamili au subiri umeme.

Umeme ukikatika, zima swichi. Ukirudi, subiri dakika tano kabla ya kuwasha. Mvua za ukanda wa Ziwa Viktoria zinakuja na radi nyingi mno. Wingu likianza kunguruma, chomoa plagi, maana swichi haizuii radi.

Mashine ya Marekani

Inataka transfoma ya kushusha yenye nyuzi mbili zilizotengana, uwezo mara mbili ya wati zilizoandikwa. Nyingi za madukani zina uzi mmoja na hazina pini ya ardhi, ziepuke. Kisha ujue transfoma iliyoundwa kwa mizunguko 60 pekee inapata joto zaidi kwenye 50 yetu. Ipe volti 110 badala ya 117, na upime joto baada ya saa moja. Kiganja kikishindwa kukaa juu yake sekunde tano, zima.

Dalili na pa kutazama

*Fyuzi inakatika mara moja.* Rudi kwenye balbu. Rektifaya na kapasita ya kwanza ndizo washukiwa.

*Fyuzi inakatika baada ya dakika.* Vali moja inavuta kupita kiasi. Zima taa, tafuta anodi nyekundu.

*Mngurumo mzito unaoendelea hata sauti ikiwa sifuri.* Kapasita za HT zimechoka. Mngurumo ukiwa wa usiku tu, pima ukutani kwanza.

*Transfoma ya moto lakini volti zote sahihi.* Toa vali zote na uiwashe peke yake nusu saa. Ikipata joto bila mzigo, nyuzi zake zimeshikana ndani na itabidi isukwe upya.

*Volti zote sahihi, vali moja bado inakuwa nyekundu.* Hili linawatesa wengi. Pima DC kwenye gridi (mahali sauti inapoingilia kwenye vali), pini ya 2 ya EL84, ambayo inatakiwa kusoma sifuri. Ukikuta volti chanya, hata mbili, zima, mwaga chaji, na uchomoe mguu mmoja wa kapasita inayoleta sauti kutoka hatua ya nyuma. Washa upime tena. Volti zikiondoka, kapasita hiyo inavuja. Badilisha, na ubadilishe na ya jirani yake, kwa sababu umri wao ni mmoja.